Dalali na Kamba ya Jumatatu

Beryl Thackray alikuwa amepanga nyumba ileile mjini Leeds miaka thelathini na mmoja, na madalali aliowaona katika muda huo angeweza kuwafunga wote kwenye gunia moja bila kuchagua. Wa sasa aliitwa Tristan Pell. Alivaa viatu vyembamba vya kahawia, vya mtu asiyepanga kukanyaga maji, na ukuta uliojaa kuvu jeusi aliutazama kana kwamba Beryl ndiye aliyeupaka.

"Tatizo ni nguo, Bi Thackray. Unaanika ndani."

"Mvua ikinyesha nianike wapi, mwanangu? Kichwani mwako? Maana ndiyo sehemu pekee kavu ninayoiona hapa."

Mwenye nyumba alikuwa anauza. Akipatikana mnunuzi wa kuhamia mwenyewe, Beryl angepewa notisi ya kuondoka, na kwa pensheni yake asingepata hata chumba mtaani pale. Tristan alimweleza hayo huku akitabasamu, kama mhudumu anayekuletea supu iliyopoa.

Kisha akapanga kuleta wateja Jumatatu asubuhi. Hakumuuliza mtu.

Nyumba za mtaa ule zimepeana migongo, hazina ua. Kwa hiyo kila Jumatatu kukiwa kukavu nguo huanikwa juu ya barabara, kamba ikitoka ukuta huu hadi ukuta wa ng'ambo, tangu enzi za bibi zao. Mwenye gari hubisha hodi, na mama mwenye kamba hutoka na mti mrefu akainyanyua, gari likapita. Watu wa taka walikwisha salimu amri. Wao huja Jumanne.

Tristan alikuja na mke na mume kutoka London, amewapakia kwenye gari lake. Alipoona shuka zimetanda mbele, akapiga honi. Hakuna aliyetoka. Akapiga tena, ndefu. Halafu akashuka, akafungua fundo la kamba kwa mikono yake, shuka nne za Cheryl Oddy, jirani wa Beryl, zikaanguka kwenye matope. Akarudi garini, akazipitia juu.

Cheryl alitoka na vibanio mdomoni, akavitema.

"Wee! Nani kakutuma uguse kamba yangu?"

"Samahani sana, mama, nina wateja…"

"Mimi nina shuka! Mama yako yuko wapi aje aone alichozaa? Shuka chini, okota!"

Milango ikafunguka mtaa mzima. Tristan akainama, suti na yote, akivuta shuka kutoka chini ya gurudumu, huku wanawake wakimwelekeza.

"Kunja vizuri! Hukufundishwa kukunja?"

Mke wa yule bwana wa London alishusha kioo kidogo, akamuuliza Beryl kama mambo huwa hivyo kila wiki.

"La, mama," Beryl alimjibu. "Krismasi ikiangukia Jumatatu tunapumzika."

Kioo kikapanda. Hawakushuka garini kabisa.

Tristan hakuthubutu kuukanyaga mtaa ule tena. Kwa kuwa hakuweza kuwaonyesha watu nyumba, aliiuza kwa picha, pamoja na mpangaji wake, kwa daktari wa meno wa huko kusini aliyeuliza jambo moja tu: kodi inalipwa kwa wakati? Barua ikaja ikisema Beryl aendelee kukaa. Wajinga ndio waliwao, na huyu alikuwa ameshajipakua mwenyewe kwenye sahani.

Beryl alimsomea Cheryl barua hiyo mlangoni.

"Umeponea chupuchupu, shoga."

"Nimeponea, ndiyo. Lakini mtu mzima ananunua nyumba hajaiona, hajainusa? Mimi samaki wa pauni tatu namfunua mashavu kwanza."

"Basi mshukuru Mungu kwa ujinga wake."

"Namshukuru," alisema Beryl. "Ila huyo daktari asiniguse jino."