Binti wa Mfumo

Mume wangu ni mkufunzi wa chuo kimoja cha afya hapa Ifakara, mtu wa ubao na chaki. Chuo kilipotangaza kwamba baadhi ya masomo yatahamia mtandaoni, alirudi nyumbani amenuna. "Eti tutafundishwa upya kama watoto," alisema. Baada ya siku chache akaanza kupiga shati pasi kabla ya kwenda kwenye mafunzo hayo.

Aliyewafundisha alikuwa binti aliyetumwa kutoka Dar es Salaam. Nilimjua kwanza kwa sauti, maana alikuwa akipiga simu jioni kuuliza kama mkufunzi ameweza kupandisha somo kwenye mfumo. Mume wangu alikuwa akitoka na simu hadi uani, nami nikimsikia anacheka. Kicheko kile kilikuwa kigeni kwangu. Mimi, muuguzi, nikirudi kutoka wodini, miguu imevimba, nikaanza kumsimulia mambo ya zamu, aliitikia "mh" huku macho yake yakiwa kwenye taarifa ya habari.

Jumamosi moja umeme ulikatika chuoni, binti akaja kwetu na bajaji kumsaidia kurekodi somo. "Shikamoo mama," alisema, akikunja goti. Nikaitikia marahaba huku namkagua kuanzia viatu. Nilikuwa tayari kumchukia, lakini hakunipa sababu. Alikuwa na mafua, akakataa soda, akaomba maji ya moto.

Wakakaa sebuleni na kompyuta. Mimi nikawa jikoni napika wali na kambale, mlango nimeuacha wazi makusudi. Nikamsikia mume wangu akisema, "Hapo sijaelewa, binti. Hebu rudia." Kisha, "Samahani, nimekosea tena."

Nilisimama na mwiko mkononi. Sikudhani kwamba wanapendana. Ingekuwa hivyo, ningejua la kufanya. Kilichonichoma ni maneno yale. Tangu anioe sikuwahi kumsikia akikiri kwamba hajaelewa kitu. Kuna siku tulipotea njia tukitafuta shamba la kukodi Katindiuka, tukazunguka na baiskeli mpaka jua likatuchoma visogo, kwa sababu hakutaka kuuliza mtu. Leo anamwambia mtoto wa watu "rudia", kwa sauti laini namna ile.

Tulipokuwa tunakula, binti akaniuliza, "Na wewe mama, mbona hujiungi? Kuna stashahada ya wauguzi walioko kazini, wanasoma humo humo kwenye mfumo."

"Mama ana kazi nyingi," mume wangu akanijibia.

"Nitajiunga," nikasema. Stashahada niliitaka kweli, ila siku ile nilitaka zaidi kufundishwa kama alivyofundishwa yeye.

Binti aliporudi Dar, mume wangu akajitolea kunielekeza. Hatukufika mbali. "Si hapo! Kushoto, nimekwambia kushoto!" Akaninyang'anya kipanya.

"Yule binti alikuwa anakunyang'anya?" nikamuuliza.

"Binti gani?"

"Unamjua."

"Hapana," akasema. "Alikuwa anaweka mikono mapajani, ananisubiri."

"Basi na mimi nisubiri."

Akarudisha kipanya, akaweka mikono mapajani kama mwanafunzi aliyekaripiwa. Nilikosea nenosiri, nikakosea tena, mpaka mfumo ukanifungia nje. Nikaona vidole vyake vikihangaika juu ya suruali, lakini hakugusa kitu. Mwishowe akampigia binti, akaweka sauti ya nje, akanisogezea simu. "Mweleze mwenyewe," akaniambia. "Mimi hapa nimekwama."

Binti alinielekeza taratibu, akinisubiri kila hatua, na nikaona kwa nini mtu angecheka naye uani. Hilo liliniuma zaidi.

Zoezi la kwanza nimeshalituma na nimefaulu. Lakini simu ya binti ikiita jioni, na mume wangu akainuka kwenda nje, mimi hupunguza sauti ya televisheni.