Marehemu wa Korea Aliyeendesha Trekta

Mimi huangalia tamthilia za Kikorea, zile zilizotiwa sauti za Kiswahili, na sioni sababu ya kujificha. Nina shahada mbili, nimewahi kufundisha fasihi, na jioni tamthilia ikianza simu yangu huwa haipokelewi.

Maoni yangu ni haya. Vijana wao wa kiume wa siku hizi wamezidi uzuri. Huwezi kumtuma hata mmoja akakuletee ndoo ya maji. Ajali za gari ni nyingi mno kwa nchi yenye barabara nzuri namna ile, na kila anayegongwa hupoteza kumbukumbu, tena ya mchumba peke yake. Njia ya kwenda kazini anaikumbuka. Chakula nawasifu. Mtu akiachwa anapika tambi na kuzila humohumo kwenye sufuria, jambo ambalo marehemu mama yangu asingelivumilia, lakini angalau anakula.

Wanaonikalisha kitini hasa ni akina mama. Kila tamthilia ina mama mmoja aliyevaa lulu, anayemmwagia mchumba wa mwanawe maji usoni hotelini, kisha anamwambia mwanawe, "Kuanzia leo wewe si mwanangu." Hapo ndipo mimi huanza kusema naye.

"Mama, unaongea na runinga tena," binti yangu huniambia.

"Naongea na yule mama."

"Hasikii."

"Hata Bibi mwenye nyumba wetu alikuwa hasikii. Subiri."

Huyo Bibi ndiye aliyeniingiza kwenye mambo ya Korea, miaka ya Ujamaa, nikiwa kidato cha pili. Mimi na mama tulipanga chumba kwake Kariakoo. Nyumba ilikuwa ya Kiswahili, vyumba vitatu huku, vitatu huku, na uani bomba moja. Bibi alikuwa Mzaramo, mjane, na binti yake alikuwa mmoja tu. Binti huyo alikuwa amefunga ndoa ya bomani na Mkristo kutoka Kilimanjaro, muuzaji wa duka la ushirika Ilala. Siku alipoondoka, Bibi alisimama uani mbele ya wapangaji wote akasema, "Kwangu amekufa." Tangu hapo jina lile halikutajwa. Kutoka kwetu hadi Ilala hapafiki hata nusu saa kwa miguu, na kwa miaka minne Bibi hakuuvuka mtaa unaoelekea huko, hata kama samaki walikuwa wamejaa upande ule na huku kwetu hakuna hata dagaa.

Runinga haikuwepo Bara. Lakini kulikuwa na ukumbi karibu na Mnazi Mmoja ambako Jumamosi mchana ziliwahi kuonyeshwa filamu za Korea, ile Korea ya juu, ya Kaskazini, rafiki yetu, bila kiingilio. Watu walizungumza Kikorea, na chini ya picha yalipita maneno ya Kiingereza. Bibi alikuwa hajui vyote viwili. Akaniomba kwa mama nikamsomee.

Ukweli ni kwamba Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kusomea sentensi moja, nikatulia, nikasoma nyingine. Maneno yale hayakunisubiri. Nikishika matatu, manne yamekwenda. Bibi alikuwa akinifinya paja na kuninong'oneza, "Sema, kasemaje?" Nami nilisema. Niliposhindwa kusoma nilitazama nyuso na kubuni. Baadaye nililipwa mshahara kwa kazi ya kutafsiri, na sikuwahi tena kuifanya kwa ujasiri kama ule.

Bibi kabla ya hapo alikuwa amewahi kuona filamu za aina moja tu, zile za gari la serikali lililokuja na kitambaa cheupe kutufundisha kuchemsha maji na kuchimba vyoo. Alitii. Kwake maji yalichemshwa tangu siku ile. Na pale ukumbini pia kila onyesho lilianza na picha za habari, watu wakivuna pamba na viongozi wakipeana mikono. Halafu, bila taa kuwashwa, filamu ikaendelea. Mtu angejuaje mahali habari zilipokwisha?

Filamu ya kwanza ilihusu msichana aliyeolewa na mwanamume ambaye mama wa msichana hakumtaka. Mama akafunga mlango. Mume akaenda vitani. Msichana akaugua, akaamua kurudi nyumbani kwa miguu.

"Hicho cheupe kinachoanguka ni nini?" Bibi akauliza.

"Theluji, Bibi. Kama ile ya Kilimanjaro."

Akaivuta kanga yake mabegani. Msichana akafika kwenye lango la mama yake, akaita mara moja, akaanguka. Mama alipofungua asubuhi, theluji ilikuwa imemfunika hadi nywele.

Bibi akanishika mkono. "Haya ni kweli au ni mchezo?"

Nilikuwa mkalimani wake. Ukumbi mzima ulikuwa unalia, na wanawake wa safu ya mbele walikuwa wamegeuka kunisikiliza mimi. Nikasema, "Ni kweli, Bibi. Serikali haiwezi kutuonyesha uongo."

Tulirudi nyumbani. Bibi akatandika mkeka uani, akajifunika kanga, akakaa. Wapangaji wakauliza nani kafa. "Mtoto wa watu," akasema, "mlangoni kwa mama yake, kwenye baridi." Basi watu wakafanya kama wanavyofanya palipo na msiba: wakamwambia pole, wakakaa. Mama yangu alijua kabisa kwamba ni filamu, hata hivyo akaenda kupika uji, kwa sababu mtu anayelia hahojiwi.

Hapo akatokea fundi cherehani wa chumba cha mbele. Alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Kwenye msiba wa Mzaramo yeye ndiye mwenye ruhusa ya kusema chochote. Aliingia amejifunika kipande cha shuka nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni, akalala katikati ya mkeka.

"Nani huyu?" Bibi akasema, ingawa alimjua.

"Mimi ndiye marehemu. Nimetembea kutoka Korea. Nina baridi, nipeni uji."

"Mtani, ondoka hapa."

"Naondokaje na miguu imeganda? Tena nimepitia Ilala, nikamkuta marehemu mwenzangu."

Mama yangu alishika mwiko bila kukoroga.

"Nikamwuliza, na wewe umekufa lini? Akasema, miaka minne sasa. Nikamwambia, mbona unakaanga vitumbua? Akasema, nisipokaanga mwanangu atakula nini? Nikashangaa, Wazaramo wanazaa hata baada ya kufa."

Hakuna mpangaji mwingine ambaye angesema maneno hayo na kulala nyumba ile tena. Bibi alimpiga fundi kwa ndala, mara mbili, za mgongoni, na mtani wake alipokea zote chini ya shuka bila kusogea. Kisha Bibi akauliza taratibu, "Mtoto gani?"

"Wa kike. Anatambaa."

Wiki ile Bibi hakusema neno juu ya Ilala. Lakini Alhamisi alitoa sandukuni kitenge kipya, akakikunja, akakirudisha, akakitoa tena. Ijumaa akamwambia mama yangu, "Kesho tukitoka filamu huenda nikachelewa." Mama akasema, "Chelewa tu, Bibi." Kila mtu alielewa, na kila mtu akajifanya hajaelewa.

Jumamosi tukaenda, kitenge kikiwa kwenye kikapu. Picha za habari zikapita. Filamu ikaanza: shamba kubwa, asubuhi, trekta jekundu linakuja. Juu yake, amefunga kitambaa kichwani, anacheka meno yote nje, ni marehemu.

Nilimtambua kabla ya Bibi, nikaanza kusoma maneno kwa sauti kubwa ili asimtazame. Haikusaidia.

"Huyo si yule?"

"Anafanana naye, Bibi."

"Una chongo? Ni yule." Akasimama. Watu wa nyuma wakamwambia kaa mama, hatuoni. "Ninyi nanyi mnaangalia nini? Huyu tulimzika wiki iliyopita."

Akaketi. Hakunifinya tena. Nikamwambia ukweli pale pale, kwa kunong'ona, kwamba ni waigizaji, wanafanya kazi kama fundi anavyoshona, leo shati, kesho suruali. Kwamba nilijua, au nilikuwa nusu najua, na nilisema uongo kwa kupenda kusikilizwa. Yeye alimtazama yule mwanamke hadi mwisho, alivyoendesha trekta, alivyogombana na mwenyekiti wa kijiji, alivyokula.

Nje kulikuwa na jua kali. Nilitembea nyuma yake nikibeba kikapu, nikiwa na hakika kwamba kitenge kile kinarudi sandukuni, na kwamba kuna mtoto Ilala atakayekua bila bibi kwa sababu yangu. Nililia kidogo, kwa siri.

"Unalia nini?" akasema bila kugeuka.

"Nimekudanganya, Bibi."

"Umenidanganya. Msiba wangu wote nimeumwaga bure. Nimempiga mtani kwa ajili ya mwendesha trekta." Akatembea hatua kadhaa. "Lakini kanenepa."

"Nani?"

"Yule. Wiki ile alikuwa mifupa. Leo umemwona mashavu?"

Tukaingia Kariakoo. Tukafika kwenye kona ya mtaa wetu. Bibi akaipita.

"Bibi, tumepita kona."

"Naiona."

Tukaendelea mpaka Ilala. Ilibidi tuulize watu mara mbili, maana kwa miaka minne ya kuukwepa mtaa ule hakuwahi kujua nyumba ni ipi. Binti yake alikuwa barazani na karai la vitumbua. Alituona, akasimama, mikono imejaa unga, akapiga goti pale pale.

"Shikamoo, mama."

Katika tamthilia ninazoangalia sasa, hapo hupigwa kinanda, na jibu utalisikia kesho jioni. Bibi naye alichukua muda wake. Alitazama karai, akatazama mlango, akamtazama mtoto aliyekuwa akitambaa kuelekea kwenye moto.

"Marahaba. Mtoe mtoto kwenye moto."

Mkwe alitoka ndani akiwa na fulana, akarudi mbio kuvaa shati. Alipotoka tena akaketi kwenye ukingo wa kiti, mikono magotini, akisubiri hukumu. Bibi alikuwa tayari amempakata mjukuu, amemfunga kile kitenge. Akamtazama mkwe kwa mara ya kwanza maishani.

"Ninyi kwenu kuna theluji?"

"Ipo, mama," akasema. "Ila iko juu sana, mlimani. Sisi tunakaa chini."

"Usimpeleke huko," Bibi akasema.

"Simpeleki, mama."

Akaomba maji ya kunywa, na yalipoletwa akauliza kama yamechemshwa.