Kisokoto cha Mwalimu Theodora

Theodora alifundisha fizikia sekondari mpaka alipostaafu, kisha akarudi Machame kwenye migomba na kahawa ya mumewe, Anaeli. Alirudi na swali lake: chembe ni nini hasa? Vitabu vilimpa uzito wake na chaji yake, lakini yenyewe ni kitu gani, havikusema.

Asubuhi moja alikwenda kufungulia maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia migomba. Penye kona maji yalikuwa yanazunguka. Yaliyokuwepo yalipita, mengine yakaja, mzunguko ukabaki palepale. Alisimama pale mpaka Anaeli akaja kuuliza kama jirani ameyakata maji.

Kuanzia hapo akajenga fizikia yake mwenyewe. Humo chembe haikuwekwa angani kama harage kwenye sahani. Anga yenyewe hujisokota mahali fulani, ikashindwa kujisokotoa, na hapo ndipo sisi tunaposema pana chembe. Akaiita kisokoto.

Walimu wa sayansi walipokutana Bomang'ombe, aliomba nafasi akaeleza. Wengine walicheka chinichini. Ildefonce, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake na sasa anafundisha chuo kikuu, hakucheka. Alimwamkia kwanza, kisha akasema, "Mwalimu, picha ni nzuri, lakini sioni fizikia. Hakuna cha kupima."

"Sijasema nimethibitisha," Theodora akajibu. "Nimesema ni nini. Utapimaje kitu ambacho hujasema ni nini?"

Ildefonce akauliza tena: kamba iliyosokotwa ukiachia ncha zake hujifungua, sasa kisokoto chake kinashikwa na nani? Theodora alirudi nyumbani amekasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba swali lilikuwa la haki.

Shemeji yake alimshauri aache, maana watu wa kanisani walikuwa wameanza kuuliza kama mama yuko salama. Theodora akamwambia awajibu kwamba yuko salama na ana kazi. Alisokota nyuzi za sufu mezani, akazifungua, akazisokota tena, hadi alipoona kwamba ncha zikiungana kuwa pete, hakuna pa kufungukia. Akaifuta maana ya kwanza akaandika nyingine: kisokoto ni msokoto wa anga usio na ncha.

Mwaka uliofuata waandaaji wa mkutano ule walikubali aje, ila katika kipindi cha burudani. Akakataa. "Niwekeni mwisho kabisa, watu wakiwa wamechoka," aliwaambia, "lakini niwekeni kwenye fizikia."

Wakamweka mwisho. Ukumbi ulikuwa nusu mtupu. Ildefonce alikubali kwamba pete imejibu swali lake la kwanza, kisha akauliza kisokoto kina uzito gani, na uzito huo unatoka wapi.

"Bado sijui," Theodora akasema.

Mwenyekiti akamshukuru na kumwonyesha kiti. Hakukaa. Alibaki amesimama mbele yao, chaki mkononi, akauliza nani ana swali lingine.