Nilimsingizia Mbuzi wa Watu Huko Krete

Admin, jina langu lifiche tafadhali, ingawa wale ninaowabeba kwa basi kila asubuhi kwenda Industrial Area watanijua tu. Nimekosa, jamani! Nimemkosea mke wangu, nimemkosea mama mkwe, na nimemkosea mbuzi.

Mimi ni dereva. Hapa Doha barabara ni tambarare kama sakafu, na miaka hii yote nimekuwa nikijigamba kwamba hakuna gari linaloweza kunishinda. Mama mkwe alipokuja kututembelea mtaani kwetu Muaither, mke wangu, ambaye ni nesi, akapanga likizo: sisi wawili, mamake na binti yetu Neema, twende kisiwa cha Krete wakati wa maua. Mama alikuwa na ombi moja tu. Alitaka kushika theluji ya milima ya huko kwa mkono wake kabla hajafa.

Tukakodi gari. Woi! Barabara za kule zinajipinda mlimani kama nyoka aliyekanyagwa. Huku mwamba, huku hewa tupu, bahari iko chini kabisa. Nilifika kwenye kijiji tulichopanga kulala shati likiwa limelowa.

"Pole, mkwe wangu," Mama akasema. "Naona kuna joto."

Kulikuwa na baridi!

Asubuhi yake tulitakiwa kupanda juu zaidi, kwenye theluji. Watu wameshavaa sweta, Neema anarukaruka. Badala ya kusema naogopa, nikauficha ufunguo wa gari kwenye soksi. Kundi la mbuzi lilikuwa linapita uani likitafuna maua ya njano. Nikapiga nduru: "Ngai! Mbuzi amemeza ufunguo!"

Nilidhani mambo yataishia hapo, turudi ndani tunywe chai. Nilisahau kwamba mama mkwe amefuga mbuzi maisha yake yote.

"Mbuzi yupi?"

Nikaonyesha yeyote tu, mmoja wa kahawia.

"Sawa. Kilichoingia kitatoka. Tafuta kijiti."

Heh! Mama akamwendea mwenye mbuzi, bibi mmoja aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani. Hawakuwa na lugha moja, lakini kwa kuonyeshana mikono na tumbo walielewana haraka kuliko mimi na bosi wangu. Mbuzi akafungwa kwenye mzeituni. Nami, mwanaume mzima, nikachutama nyuma yake nikichambua kinyesi.

"Baba, umeupata?" Neema anauliza.

"Bado, mami." Na ufunguo unanidunga kisigino!

Jua likapanda. Neema akaanza kulia. Yule bibi akaingia ndani, akatoka na kisu.

"Amekubali tumchinje," Mama akasema. "Tutamlipa. Mtoto hawezi kukosa safari." Kisha akampapasa mbuzi tumboni, uso ukabadilika. "Kumbe ana mimba, maskini. Lakini tutafanyaje?"

Wacha! Roho ikanishinda. "Msimchinje! Hajala kitu!" Nikavua kiatu mbele ya wote, nikavuta soksi, ufunguo ukaanguka kwenye mawe.

Yule bibi alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Alinitazama, akasema polepole: "Kwenye Biblia mtume alilalamika kwamba watu wa kisiwa hiki ni waongo. Ni vile hakuwa amekutana na wewe."

Mke wangu akauokota ufunguo, akaufuta kwa majani. "Ungesema tu unaogopa," akaniambia. "Ningeendesha mimi."

Akakaa kwenye usukani. Wakaondoka bila mimi!

Walirudi jioni mashavu mekundu, wanaimba. Mama alikuwa ameshika theluji, ameionja, ameiombea hadi ikayeyuka kiganjani. Mimi nilishinda nikimsaidia yule bibi kusafisha banda.

Picha yao watatu kwenye theluji iko ukutani kwetu. Wageni huniuliza, "Wewe ndiye uliyewapiga picha?" Kabla sijafungua mdomo, mke wangu hujibu: "Hapana, huyu alikuwa na shughuli na mbuzi."

Mama amesharudi Kenya. Siku ile ya kushika theluji haitarudi, na mimi sikuwepo. Hilo ndilo linaloniuma, si vicheko.

Kwa hivyo madereva wenzangu, na wanaume wote mnaojifanya chuma, nawasihi: ukiogopa, ogopa kwa sauti! Watu wako watakucheka kidogo, kisha watakubeba.