Shikamoo Bila Miwani

Baba mkwe wangu hakuwahi kumpiga binti yangu wala kumtukana. Alikataa tu kumwitikia salamu, na kwa mtoto wa miaka minane hilo lilitosha.

"Mtoto hasalimii mkubwa akiwa amejiziba macho," alisema siku ile ya kwanza, binti yangu akiwa amesimama mbele yake na miwani mpya ya fremu nyekundu. "Kofia inavuliwa, na hiyo nayo ivuliwe."

Miwani aliyoijua mzee ni ile nyeusi ya wanunuzi wa dhahabu, watu wasiotaka ujue wanatazama wapi. Ningeweza kumweleza kwamba hii ni ya namna nyingine, kama ningeruhusiwa kumweleza chochote. Mimi ni mtu wa Singida. Nilikutana na mume wangu kwenye machimbo ya dhahabu ya Matongo, akanileta kwao Kenyamonta, kisha mwenyewe akarudi machimboni. Katika nyumba hii mke wa mtoto hasemi na baba mkwe ana kwa ana. Maneno hupitia kwa watoto. Hata tukiwa hatua chache tu, mzee husema, "Mwambie mama yako chumvi imezidi," nami hunyamaza kana kwamba sijasikia, mpaka mtoto aje kuniambia.

Nilikuwa nimeihangaikia miwani ile. Mtaalamu wa macho kule Mugumu alisema aivae tangu anapoamka mpaka anapolala, la sivyo hataizoea. Nilimwacha achague fremu mwenyewe. Siku za mwanzo nilimvalisha wakati wa mambo anayoyapenda, kama kutazama vifaranga wakila, na nikaifunga mpira nyuma ya kichwa isiteleze. Shuleni walipomwita Macho Manne tulifanya mazoezi jikoni, mimi nikimtania, yeye akinijibu kwamba manne ni mengi kuliko mawili. Wenzake wakachoka wenyewe.

Lakini kila nilichojenga mchana, salamu ya jioni ilikibomoa. Alianza kuivua miwani akifika kwa babu yake. Kisha akawa anaivua njiani. Mwishowe ikawa inashinda mfukoni. "Nikiivaa babu ananichukia," aliniambia. Nilisonga ugali siku hiyo kwa hasira mpaka mwiko ukavunjika. Nilimpigia mume wangu simu, akasema mzee ni mzee, nivumilie. Nikamjibu kwamba kuvumilia ni rahisi mtu akiwa Matongo.

Jioni moja ng'ombe walikuwa wanarudi. Mzee alisimama kwenye mlango wa zizi kama kawaida yake, akimkagua kila mmoja akiingia. Kulikuwa na jike aliyezaa juzi yake, ndama wake amefungwa ndani, na tangu azae hakutaka mtu karibu. Binti yangu akatokea upande wa njia na kuni chache mkononi. Akaziweka chini, akavua miwani niliyokuwa nimemvalisha tena mchana huo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo babu."

Mzee alikuwa amegeukia ng'ombe, hakusikia. Mtoto akabaki pale pale mlangoni, kichwa chini, akisubiri marahaba.

Nilikuwa kwenye mlango wa jiko. Nilimwona yule jike akitoka kwenye kundi, kichwa kimeshuka, akija mbio kwa ndama wake. Nikapiga kelele, "Toka hapo!" Binti yangu akageuka. Bibi yake alikuwa amejifunga kitenge cha rangi ya udongo siku hiyo, na ng'ombe alikuwa na rangi hiyo hiyo. Mtoto akatabasamu, akanyoosha mikono, akapiga hatua kumwendea, kama anavyompokea bibi yake mzigo.

Sikumbuki kuvuka uwanja. Nakumbuka nilipita mbele ya baba mkwe, bega langu likamgonga, nikamshika mtoto gauni na kumvuta, tukaangukia ua wa miiba wote wawili. Ng'ombe akapita. Upepo wake niliusikia mguuni.

Nilisimama, mikono inatoka damu, na nikasema naye.

"Baba, huyu mtoto haoni. Unamvua macho yake ili akuheshimu."

Bibi, aliyekuwa ametoka nje kwa zile kelele, alijiziba mdomo. Mzee hakunitazama. Nilijua ningeweza kurudishwa Singida kwa maneno yale, na sikujali hata kidogo. Nilikuwa tayari kuyarudia.

Mzee aliinama taratibu. Miwani ilikuwa imeangukia kwenye samadi. Akaiokota, akaifuta kwa ncha ya shati lake, akaifuta tena, akamchuchumalia mjukuu wake na kumvalisha. Alimvalisha juu chini, mpira ukamkaa kidevuni. Mtoto akaigeuza, akaikaza, kisha akamtazama babu yake usoni kwa muda mrefu.

"Babu," akasema, "kumbe una mwanya kama wangu."

Mtoto alikuwa amezaliwa katika nyumba ile, na miaka yote minane hakuwahi kuuona mwanya huo. Mzee akafumba mdomo.

"Nisalimie tena," alisema hatimaye. "Sikukusikia."

Binti yangu akainamisha kichwa, mkono wake ukapanda wenyewe kwenye miwani kuivua. Mzee akaudaka hewani, akaushusha, na alikuwa bado ameushikilia alipomwitikia marahaba.