Breki Iliyokatika Njia ya Rusizi I

Wakati huo nilikuwa nabeba nyanya za watu kwa baiskeli hadi mpakani, kwenye daraja la Rusizi I. Katikati ya mteremko, waya wa breki ukakatika. Mbele yangu walitembea akina mama wachuuzi. Nyuma lilikuja lori. Nikaburuza kandambili chini, nikapiga kelele: "Bamaman, munishike!"

Wawili wakatua vikapu haraka, wakadaka kiti cha nyuma. Baiskeli ikasimama.

"Kila siku unatupigia kengele kama tuko ngombe," mmoja akanicheka. "Leo ndiyo tuko bamaman?"

Lori nalo lilisimama. Nilingojea matusi, lakini dereva akachungulia: "Mushuke polepole. Miye nitabaki nyuma, gari ingine isibapite."

Wakajitwika tena vikapu, tukashuka hivyo hadi darajani, mkono wao mmoja kwenye vikapu kichwani, mwingine kwenye baiskeli yangu.