Niliposema "sheet" ni tanga: meli ya fundi wa Keko na kazi niliyoipata

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mie huwa nasoma nyuzi za wenzangu na kupita kimya. Leo naleta wangu, na kwa kweli ni uzi unaohusu nyuzi. Jina la fundi nimelibadilisha. Mengine nimeyaacha kama yalivyotokea, hata yale ambayo ningependa yanipendeleze kidogo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nimemaliza chuo, naishi kwa mjomba wangu Mwananyamala. Waliotutangulia walikuwa wakimaliza tu wanapangiwa kazi serikalini. Sie tukaambiwa mambo yamebadilika, kila mtu ajitafutie.

Nilikuwa naandika barua ya maombi, naisoma mara nne, kisha naichana kwa sababu ya koma moja.

Mjomba alikuwa dereva wa Mzungu mmoja aliyekuja kufungua ofisi ya kusafirisha mizigo kwa meli. Huyo Mzungu alitaka pale mapokezi pakae meli ya mbao, mfano wa meli ya kivita ya zamani: milingoti mitatu, matanga, mizinga ubavuni. Alikuwa na fotokopi za mchoro wake. Akasema anaitaka kama mchoro ulivyo, kamba kwa kamba.

Mjomba akampeleka Keko kwa fundi Shomari. Mkono wa Shomari ulikuwa hauna mpinzani mtaa ule, ila Kiingereza hajui. Hapo mjomba akachomekea, "Bosi, nina mpwa wangu ana digrii. Atamsomea."

Nikapelekwa kwake. Mzungu akaniangalia, akasema meli ikitoka sawasawa niende nimwone. Anahitaji karani anayesoma kwa makini.

Kuanzia siku ile roho yangu yote ikahamia kwenye ile meli.

Shomari naye alikuwa na hesabu zake. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, ujana wake aliumalizia kwenye majahazi kabla hajashika randa. Vitanda vyake vilikuwa vimeanza kudoda kwa sababu vya kutoka nje vimejaa madukani. "Hii ikipendeza," aliniambia, "kila ofisi mpya mjini itataka ya kwake. Nitaachana na hivi vitanda."

Basi tukaanza. Kiunzi alikimaliza haraka. Kazi ikawa kwenye kamba. Kamba zenyewe ni nyuzi: anazipaka nta, nyingine anazitia rangi nyeusi ya viatu, anazipitisha kwa sindano na kuzikaza kwa kibano, fundo moja baada ya jingine. Vile vipande vya kukazia kamba, vya mviringo vyenye matundu matatu kama vifungo vya koti, alivichonga kwa mabaki ya mpingo. Kimoja kidogo kuliko punje ya hindi!

Kazi yangu ilikuwa kusoma orodha. Neno la kwanza lilikuwa "shrouds". Nikafungua kamusi: sanda.

"Fundi, hapa wanataka sanda. Nyeusi."

Shomari akaweka randa chini. "Sanda nyeusi? Nani kafa?"

Akanipokonya karatasi, akafuata mshale kwa kidole. Ulielekea kwenye kamba nene zinazoshikilia mlingoti kutoka ubavuni, zile zenye ngazi za kupandia. Alicheka mpaka akakaa kwenye vumbi la mbao. Kesho yake nafika, karakana ya jirani wananipokea: "Msomi wa Sanda huyo! Fundi, mgeni wako kaja kuzika!"

Wengine mngecheka nao yakaisha. Mie sivyo nilivyo. Kicheko kile nilirudi nacho Mwananyamala, nikakipigia mahesabu usiku na mchana. Nikajiuliza kama mjomba ataambiwa. Nikajiuliza kama Mzungu naye atasikia. Nikaapa sitauliza tena kitu mbele ya Shomari.

Tukafika kwenye neno "sheets". Limeandikwa: sheets, rangi ya kahawia. Ukurasa wa mchoro wenye kamba za kuongozea matanga ulikuwa umefifia kwenye fotokopi, mistari haionekani. Na hili sikuhitaji hata kamusi. Sheet ni shuka, nani asiyejua? Shuka ni kitambaa, na kitambaa cha meli ni tanga.

"Wanataka shuka za kahawia, yaani matanga," nikamwambia.

Akayachovya kwenye chai ya rangi, yakatoka kahawia safi. Akayafunga kwenye foromali, ile miti ya kukingama mlingotini. Kisha akaanza kukata nyuzi nyingine.

"Hizo za nini?"

"Demani. Kila tanga lina demani, kamba ya kushika pembe ya chini. Ukiikosa, tanga linapeperuka tu."

"Kwenye orodha hakuna."

"Angalia vizuri."

"Fundi, hakuna. Hayo ya demani ni ya majahazi yenu. Hii ni meli ya vita ya Wazungu."

Akanyanyua uzi mmoja. "Msomi, tanga bila demani ni nguo imeanikwa uani."

"Mzungu kasema kama mchoro ulivyo. Mie ndiye niliyeusoma."

"Haya," akasema, akaziweka zile nyuzi kwenye kopo. "Mwenye kitabu ni wewe."

Siku ya kuipeleka mjomba alitufuata na gari. Shomari alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Meli niliipakata mwenyewe.

Mzungu aliizunguka polepole. Akagusa mizinga, akagusa zile ngazi za kamba, akatabasamu. Kisha kidole chake kikafika kwenye pembe ya chini ya tanga, kikabaki hapo hapo.

Akaniuliza kwa Kiingereza, sheets ziko wapi?

Nikamwonyesha matanga. Akatikisa kichwa. Sheets ni kamba, akasema, zinafungwa hapa. Na matanga yalitakiwa meupe. Nani kaamua hivi?

Wakuu, mie mtu ninayefikiria kila kitu mara kumi, pale sikufikiria hata mara moja. Nikasema ni fundi.

Shomari akaniuliza, "Anasemaje?"

"Anasema nzuri. Kuna marekebisho madogo."

Shomari hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaangalia kile kidole. "Anauliza demani, siyo? Mwambie nilisema. Mwambie nyuzi ninazo, nafunga leo leo."

Mzungu naye akataka kujua fundi anasema nini.

Nikamwambia: anasema samahani.

Mzungu akasema basi, iachwe hivyo hivyo, atamalizana na fundi huyu kwa hii moja tu. Kumi nyingine alizokuwa anafikiria kwa ajili ya wenzake, ataagiza kwao.

Mie akaniambia nianze Jumatatu.

Kuna mtu mmoja nilimsahau kwenye hesabu zangu, naye alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari. Mjomba alikuwa ameendesha Wazungu miaka mingi. Kiingereza alikielewa chote.

Wiki nzima ikapita. Siku moja tunakula, akanawa mikono akaniambia, "Mpwa, fundi kaniuliza ulimwambia nini Mzungu. Nimemwambia sikusikia. Umenifanya na mie mwongo kwenye utu uzima huu."

Kisha akatoa kifurushi mfukoni. "Kakupa hiki."

Zilikuwa nyuzi za kahawia, zimepakwa nta, kila moja imekatwa kwa kipimo chake na kuviringishwa peke yake. Demani zote za meli. Ujumbe ulikuwa mmoja: nikafunge mwenyewe.

Sikuzifunga. Bosi angeuliza zimetoka wapi, na jibu lake lingenirudisha mtaani. Nikafanya kazi pale miaka kadhaa, kila asubuhi naipita ile meli mapokezi, matanga yake yananing'inia.

Nilipoacha kazi nikapata ujasiri wa kwenda Keko. Njiani nilipanga maneno ya kuomba radhi, nikayapangua, nikayapanga tena. Nikamkuta Shomari anapiga msasa mguu wa kitanda. Nywele zimeingia mvi.

Nikamsalimia. Akanitambua palepale.

"Aa, msomi! Karibu. Umefuata kitanda?" Akapuliza vumbi la mbao, akarudi kwenye msasa wake. "Shuka najua unazo."

Maneno yote niliyoyapanga yakaishia hapo. Nikaaga.

Nilichojifunza ni hiki, na sijui kama kitamsaidia mtu. Kutokujua neno si aibu, hata fundi alicheka tu yakaisha kwake. Niliogopa kuchekwa mara ya pili, nikamlipisha mtu mwingine. Na zile nyuzi bado ninazo, kwenye kopo, hazijawahi kufungwa popote.

Karibuni wakuu. Kama kuna aliyewahi kusimama katikati ya watu wawili akatafsiri anachotaka yeye, aseme ilimwishia vipi. Matusi pia nitayasoma.